Kalamu Haina Mate

Voi, 12 Machi 1995

Kaka Mwandawiro,

Wakesho ametoka sasa hivi kuvuliwa sufuria kichwani. Aliivaa mwenyewe, ile ndogo ya kuchemshia maziwa, akapanda juu ya kigoda na kusema yeye ni Msumari, wezi wote wajipange. Wezi walikuwa ni kuku wa Mwanamina. Sufuria ikateremka mpaka masikioni, ikakataa kurudi. Sikujua nicheke ama nilie. Mwanamina akavuka ua na mafuta ya nazi, akampaka huku akisomasoma dua zake, ikatoka. Mtoto hata hakushukuru. Aliuliza kama Msumari naye hupakwa mafuta. Nikamwambia tutamuuliza mjomba aliyemchora. Kwa hivyo nakuuliza.

Sasa salamu. Sisi hatujambo, ila ni wa kuchokachoka. Crispus bado yuko kwenye mkonge, anarudi jioni mikono imechanika, anakula na kulala palepale alipokaa. Maji ya mfereji yamekatika tena, tunangoja mkokoteni. Mimi nashona nguo za watu nikipata, na nisipopata napumzika, ingawa kupumzika nako kumenishinda.

Gazeti lako la katuni linafika. Mansur, mumewe Mwanamina, yule mwenye chumba cha kuonyesha video, ananiwekea moja kila mwezi likitoka. Darasa la saba langu linatosha kulisoma lote, na mahali halitoshi naangalia picha. Lakini kaka, Msumari amepatwa na nini? Zamani alikuwa anacheka ndani ya kile kinyago chake cha bati. Alikuwa anafunga wezi kwa kamba ya kuanikia nguo, anawaachia na chai ya kungojea polisi. Tangu hii hadithi mpya ya "Miaka ya Majivu" ianze, hacheki. Kurasa zimejaa wino mweusi mpaka vidole vyangu vinachafuka.

Na huyu adui yake, Mzee Majivu, anayepita nyumba kwa nyumba akichoma vitu vya watu. Kwa nini hana kidole cha shahada mkono wa kushoto? Mimi namjua mtu mmoja tu asiye na kidole hicho, na mashine ya mkonge ndiyo iliyokichukua.

Baba hajambo. Kifua kinamsumbua kidogo tu. Shangazi Pauline amehamia kwake kule Werugha kumwangalia. Nisikuchoshe.

Dada yako,
Loise


Nairobi, 3 Aprili 1995

Dada Loise,

Mwambie Wakesho kwamba Msumari hapakwi mafuta, na ndiyo maana hajawahi kukivua kile kinyago tangu akivae. Mwambie pia asimfuate.

Nimefurahi kusikia mko salama. Mimi nipo. Chumba ni kilekile, mwenye nyumba ni yuleyule, kelele ni zilezile. Nachora mpaka mkono unakufa ganzi, naukanda, naendelea.

Unauliza Msumari amepatwa na nini. Amepatwa na wasomaji. Bosi alikuwa karibu kufunga gazeti. Watu walikuwa wamechoka na mtu mzuri asiyeumizwa na kitu. Nilipomfanya akasirike kwa mara ya kwanza, magazeti yaliisha kabla ya saa nne asubuhi. Sasa barua zinaletwa kwa gunia. Mmoja ameandika kutoka Kitui, ati amengoja maisha yake yote kuona shujaa anayechukia kama yeye. Niliisoma ile barua, nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji.

Tena kuna watu wa kutengeneza filamu wamekuja ofisini. Wanataka "Miaka ya Majivu" yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mwisho wenyewe sijauchora.

Kuhusu kidole, watu wengi hawana vidole.

Msalimie Crispus. Mpe pole ya mikono.

Mwandawiro


Voi, 28 Mei 1995

Kaka yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Wakesho ameota meno ya nyuma na anamuuma kila mtu, hata Mwanamina aliyemtoa sufuria. Crispus anakusalimu. Mvua ilinyesha mara moja ikajuta.

Barua yako niliisoma, kisha nikaigeuza nyuma nikitafuta mahali ulipomuulizia Baba. Nyuma hapakuwa na kitu.

Sasa nitasema kweli, kwa sababu ule uongo wangu wa "kidogo tu" umenirudi. Baba hajashuka shambani tangu kabla ya Krismasi. Akitembea kutoka kitandani mpaka mlangoni anashika ukuta. Daktari amempa vidonge, akasema kifua kimezeeka pamoja na mwenyewe. Kule juu ukungu hautoki siku nzima na yeye anakohoa ndani yake.

Kuna jingine. Mwezi uliopita nilipanda kumwona, na gazeti lako lilikuwa kwenye kikapu chini ya sukuma wiki. Sikulipeleka kwa ajili yake, nakuapia. Shangazi alitoa mboga, Baba akaliona. Akavaa miwani. Akafunua, akafika mahali Mzee Majivu anachoma kabati la yule mama mjane. Nje nikasikia ng'ombe wanavyotafuna.

Akasema, "Huyu ni mimi."

Nikasema, "Baba, ni mzee tu wa hadithi."

"Loise, mimi ni mgonjwa, si mjinga." Akaukunjua mkono wake wa kushoto, akauweka juu ya karatasi, ukalingana. "Mkono ameupatia."

Nilidhani atakasirika. Lakini sasa kila nikipanda, kabla sijatua kikapu, anauliza, "Nimefanya nini mwezi huu?" Juzi nilimwambia amechoma ofisi ya chifu. Akasema, "Na shule je?" Shangazi Pauline akamjibu kutoka jikoni, "Shule umeiacha ya mwezi ujao. Meza dawa."

Tunacheka, kaka, lakini si kicheko cha kushibisha.

Shangazi anasema kifua hiki si cha vidonge peke yake. Unajua anachosema. Kuna moyo wa mtoto ulio na hasira juu ya nyumba, na hasira ya damu yako hukaa kifuani. Mwenye nayo anatakiwa aje atase kama wazee wetu walivyotasa. Achukue maji kinywani, aseme kilichomkaa moyoni, ayapulize juu kama manyunyu yaende nayo, kisha atamke amani. Baba ni mzee wa kanisa, nikajua atakataa. Akasema tu, "Mchungaji hapandi huku siku za ukungu."

Njoo mwezi wa nane. Hata siku moja inatosha. Na usimwue Mzee Majivu kabla hujaja. Najua ni karatasi. Lakini anayelala akiingojea karatasi hiyo ni baba yako.

Loise wako


Nairobi, 9 Julai 1995

Dada,

Salamu kwa wote. Mwambie Wakesho meno ni ya kutafunia. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilikasirika sana kwamba gazeti limemfikia. Kisha nikafika pale pa shule na dawa, nikacheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta. Baada ya kucheka nilikasirika upya.

Siji.

Nitakuambia kwa nini, mara moja tu, na usinijibu kwa kunitetea wala kumtetea. Unajua alichoma michoro yangu nyuma ya jiko, siku ile mchungaji alipokuwa anatembelea nyumba za wakristo. Alisema ni sanamu. Hilo kijiji kizima kinalijua, na watu walidhani nimeondoka nyumbani kwa sababu ya karatasi za kijana. Wewe ulikuwa mgongoni kwa shangazi. Hujui kifurushi kile kilikuwa na nini.

Mama hakuwahi kupigwa picha. Hata ya kitambulisho hakuwahi. Siku ya mazishi yake, kabla hawajamfunika, nilikaa naye nikamchora kwa penseli ya shule. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilimpata, Loise. Sijawahi kupata sura ya mtu vile tena. Ile alama ya jeraha juu ya nyusi, na mdomo wake ulivyokaa kama anataka kumkatiza mtu maneno.

Ilikuwa ndani ya kifurushi. Nilimwambia iko ndani. Akatia moto.

Wewe huniuliza Mama alifananaje. Nimejaribu kumchora tena mara nyingi. Kila nikijaribu inatoka sura yako.

Sasa bosi anataka Mzee Majivu aanguke kutoka jabalini toleo la Agosti. Watu wa filamu nao wanataka aanguke, tena polepole. Nimewaambia sawa. Lakini kalamu ninayo mimi. Litazame toleo la Agosti, ukurasa wa mwisho. Ile mnayoitaka nitaifanya, kwa njia yangu. Zaidi ya hapo usiniombe.

Mwandawiro


Voi, 3 Septemba 1995

Kaka yangu mpenzi,

Tuko salama, na Wakesho amejifunza kuhesabu ila anairuka sita kila mara, anasema haimpendi. Crispus alikuwa na homa, imepungua. Mwanamina amejifungua msichana, wamemwita Nuha. Nimekuwa nikimfulia, na kufua kwangu, na maji ni yale unayoyajua. Nimechoka vizuri.

Barua yako ya Mama niliisoma nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Zamu yangu ilipita, mwanamke akanisukuma, nikamwachia. Jioni niliomba kioo cha Mwanamina. Sitasema nilikaa nacho muda gani.

Nililiona toleo la Agosti. Msumari amemfikisha yule mzee kwenye ukingo wa jabali, mvua inanyesha. Anavua kinyago, na ndani yake kuna kijana tu, amechoka. Anakinga maji ya mvua kwa kiganja, anayatia kinywani, anayapuliza juu. Matone yanateremka kwenye kofia ya mzee. Hakuna neno hata moja lililoandikwa. Halafu picha ya mwisho ni jabali tupu na mvua.

Mansur alichungulia juu ya bega langu. "Amemtemea mate kwanza, kisha akamtupa," akasema. "Hapo ndugu yako ameua." Vijana waliokuwa pale kwenye video wakapigana viganja. Wangejuaje?

Nilipanda nalo Werugha siku ya pili. Baba aliuinamia ukurasa ule kwa muda mrefu, miwani yake ikaingia ukungu wa chai. Akaomba maji. Shangazi akadhani ni kiu, akampa kikombe. Baba akatia maji kinywani, akageuza uso kuelekea mlangoni, akayapuliza. Nguvu hana, mengi yaliishia kifuani mwake. Akasema, "Kilicho changu juu ya mwanangu kitoke, kiende na maji haya. Amani." Tukaitikia amani. Shangazi alimfuta, na yeye Shangazi akajifuta.

Nikasema, "Baba, si basi imekwisha? Na yeye amefanya yake hapa."

Akaligusa gazeti kwa kile kidole kisichokuwepo, unajua anavyofanya. "Yangu imetoka. Yake bado. Kalamu haina mate."

Ndipo nikamwuliza habari ya picha ya Mama. Sikupanga kumwuliza, ilinitoka tu. Alifumba macho nikafikiri amelala. Kisha akaniambia kwa nini. Yote, Mwandawiro. Nami sitaiandika, kwa sababu alinishika mkono akasema, "Hiyo si ya kupita posta. Aje aisikie."

Njoo uisikie. Nimemaliza.

Loise


Nairobi, 17 Februari 1996

Dada Loise,

Nisamehe kwa miezi hii yote. Nilikuwa na watu wa filamu huku na huku, na barua zako tatu nimezikuta ofisini zimefungwa pamoja kwa mpira. Ile ya Septemba nimeisoma sasa. Hongera kwa Mwanamina. Mwambie Wakesho sita haina ubaya.

Filamu imekwisha. Wiki iliyopita walituonyesha kwenye ukumbi wenye viti vya kukunja. Nitakueleza mwisho wake ili usije ukaambiwa na Mansur. Mvua wameifanya kwa mpira wa kumwagilia bustani. Msumari anamshika mzee kwenye kola, anamvuta karibu, anamtemea mate usoni. Anamsukuma. Kamera inamfuata mzee mpaka chini, polepole, kama walivyoahidi.

Niliwaambia tangu siku ya kwanza kwamba si hivyo. Wakaniuliza basi ni vipi. Nikaanza kuwaeleza kutasa, watu wanaokula chipsi wakinitazama, nikajisikia kama ninavua nguo sokoni. Nikanyamaza. Mkurugenzi akasema wazo langu la mate ndilo bora zaidi kwenye hadithi nzima.

Ukumbi wote ulisimama na kupiga makofi. Tangu siku hiyo wamekuja watengenezaji wengine wawili, kila mmoja anataka wa kwake: mtu aliyevaa nyeusi, mvua, hasira, na mwishoni ateme. Nilitaka kutoa kitu kifuani mwangu, na sasa nimekitia kwenye vifua vya watu nisiowajua. Mmoja anataka niwachoree. Nimesema nitafikiri. Sifikirii chochote. Ninalala.

Baba alisema nini? Niandikie. Siwezi kufunga safari nisikie neno moja mbele ya shangazi kisha nianze kutafuta pa kuweka uso. Andika tu, hata kwa mistari miwili.

Mwandawiro


Voi, 2 Juni 1996

Kaka Mwandawiro,

Habari za siku nyingi. Wakesho ameanza nasari, tayari ana adui na rafiki, na wanabadilishana nafasi kila siku. Crispus yuko nyumbani leo Jumapili, anarekebisha mlango wa ua. Mimi sijambo.

Filamu yako imefika. Mansur hutufungulia akina mama Alhamisi mchana, watoto mgongoni, mapazia yamefungwa, joto kama tanuri. Nilikaa na Mwanamina. Ilipofika pale pa mate wengi walipiga vigelegele. Nyuma yetu walikaa akina mama wawili wa Sagalla walioshuka kuuza kuku, na hao hawakupiga. Mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti ya kanisani, "Amekosea huyu. Maji hupulizwa juu, si usoni mwa mtu. Sasa ile hasira itaenda wapi?" Nilitamani kugeuka nimwambie aliyeibuni ni ndugu yangu na alichora sawasawa. Nikaona haya, nikainama nikamfunga Wakesho viatu, na alikuwa amekuja miguu mitupu.

Zimekuja na zile nyingine. Mansur ana kanda nne mpya, na zote zinanyesha. Juzi aliniambia, "Mama Wakesho, ndugu yako ametuharibia kazi. Zamani shujaa alimaliza vita akaoa, watu wakaenda nyumbani wanaimba. Siku hizi anatema, anaenda zake, na watu wanatoka hapa wakisukumana." Watoto huku wanatemeana mate njiani. Wakesho alimtemea rafiki yake, nikamchapa kidogo. Halafu nikachota maji, nikamwonyesha jinsi inavyofanywa na neno la kusema baadaye. Alilowa yote. Ameipenda.

Usijilaumu kwa kanda hizo. Hao wametazama ukurasa wako kwa haraka. Kuna mtu mmoja aliutazama polepole.

Huyo tumemteremsha huku kwangu pamoja na Shangazi tangu Pasaka, baridi ya Werugha ilimshinda. Analala chumba chetu, sisi tumehamia sebuleni. Kukaa peke yake hawezi, Crispus humwinua. Haulizi tena amefanya nini mwezi huu. Gazeti nikimfunulia anatazama pembeni. Siku hizi swali ni moja: "Amefika?" Nasema, "Yuko njiani, Baba." Anasema, "Njia ya Nairobi ni ndefu," nami naitikia kwamba ni ndefu. Nimesema uongo huo mara nyingi mpaka nimeanza kuuamini na kupika chakula cha ziada.

Umeniomba niandike alichosema. Nimekaa na ombi lako tangu Machi, ndiyo maana sikujibu. Mara mbili nimeanza, mistari miwili kama ulivyotaka, na mara zote nimechana. Si kwa kukukomoa. Nikiiandika utaisoma, utaikunja, utabaki huko nayo, na yeye atabaki hapa na nusu yake. Mimi nimeibeba yote na ni nzito kwa mtu mmoja, kaka. Mtu akinitazama nacheka, nashona, nageuza chapati, lakini ninaibeba. Nataka kuitua, na hakuna wa kunitua ila wewe. Yeye bado ana sauti ya kuisema. Asubuhi inakuwa na nguvu, jioni hupungua. Leo alikula uji wote, akamwambia Shangazi anataka kunyolewa ndevu. Shangazi akasema, "Unanyoa kwa ajili ya nani?" Akasema anajua mwenyewe. Kwa hivyo mimi nina tumaini, na hata ukinicheka nitaendelea kuwa nalo, kwa sababu

Ngoja, Crispus ananiita kutoka ua. Nimemwambia namaliza mstari. Ananiita tena, sauti yake si ya kawaida. Anasema niweke kalamu chini, kwamba huyu ninayemwandikia amesimama hapo nje ya mlango na anauliza kama Baba bado